Mkono wa Mama na Jina la Kwenye Kopo

Haya ni mazungumzo niliyotoa kwa wajasiriamali wenzangu hapa Tanga mjini, wengi wao akina mama na vijana. Wapo waliochelewa wakaomba niyaandike, basi nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni.

Assalaam aleikum jamani, na Bwana asifiwe kwa wenzetu. Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu habari za saa hizi. Najua wengine mmeacha mizigo sokoni Mgandini mmemwachia jirani, kwa hiyo sitazunguka sana.

Nimeambiwa niongelee brandi. Swali lililoletwa kwangu ni hili, mtu anayeanza biashara ajenge jina lake yeye na sura yake, au ajenge jina la biashara? Maana ukiingia Instagram unaona huyu anauza kwa sura, kila siku yuko laivu, watu wanamjua mpaka na watoto wake, halafu mwingine hata hujui mwenye biashara ni mwanamke au mwanaume, unaona logo tu na bei. Sasa upi ufuate. Mi nitajibu kwa biashara yangu kwanza kwa sababu ndo ninayoijua mpaka chini ya sufuria.

Mi nauza achari. Ya embe, ya ndimu, na ile ya pilipili yenye mafuta. Nilifundishwa na shangazi yangu, Mungu amrehemu, uani kwake Ngamiani. Embe mbichi unakata vipande, unatia chumvi na bizari, unatandaza kwenye jamvi juani, na siku ya pili ya tatu hivi vipande vinaanza kujikunja pembeni, hapo ndo unajua maji yametoka na sasa vinaweza kuingia kwenye mafuta visioze. Nilianza na ndoo mbili na makopo ya kuosha. Watu wakawa wananiita Mama Achari, na mi nikalipenda, nikafungua peji kwa jina hilo hilo, namba yangu ya simu, picha yangu nimeshika kopo, na chini nikaandika "achari ya mkono wangu mwenyewe". Hayo maneno matatu, mkono wangu mwenyewe, yashikeni, nitayarudia.

Na sikukosea kuanza na sura. Hapa nataka tuelewane, kwa sababu kuna vijana wanafundishwa kwamba mtu mjanja anaanza na logo. Anatumia hela ya mtaji kwa mtu wa michoro, anachapisha stika elfu moja, anatafuta jina lenye Kiingereza ndani, na bado hajauza kopo ishirini. Pwani mtu hanunui chakula, ananunua mkono. Nyumba ikiwa na shughuli wanakaa wanawake wanapanga, hawasemi tuagize pilau, wanasema tumwite fulani, ana mkono. Ukiwa huna jina la zamani, huna duka barabarani, huna hela ya tangazo la redio, kitu pekee ulichonacho cha kumfanya mtu akuamini ni wewe, ni uso wako na ukoo wako na mtaa unaokaa, na kwamba achari ikimuumiza tumbo anajua mlango wa kuja kugonga. Huo mlango ni dhamana kubwa, logo haina mlango. Kwa hiyo anza na wewe, usione haya.

Sasa yaliyonikuta. Mwaka 2019 nilifanyiwa upasuaji, nikakaa karibu miezi miwili siinui kitu kizito, wiki za mwanzo hata kukaa ilikuwa kazi. Binti wa kaka yangu alikuwa anakaa na mimi, nikamwachia simu na biashara. Na huyu binti, nawaambia ukweli wa Mungu, alikuwa ameshapika yeye kwa mwaka mzima kabla mi sijaumwa. Mi nilikuwa nanunua, naonja, napeleka mizigo, lakini sufuria lilikuwa lake. Basi simu inapigwa, nimelala chumbani nasikia kila kitu, mteja anasema "Mama Achari yupo?" Binti anasema shangazi anaumwa lakini achari zipo, nikuletee ngapi? Kimya kidogo, halafu "aah, basi ngoja apone." Mwingine hivyo hivyo. Mwingine ndo alimwuliza kabisa, "kwani nani anapika sasa hivi?" na mtoto wa watu akashindwa ajibu nini, maana akisema napika mimi ataonekana mzigo wa sasa ni wa bandia, na akisema toka mwaka jana napika mimi basi shangazi yake ni mwongo. Akasema tu "tutakupigia."

Achari ile ile jamani, sufuria lile lile, mikono ile ile iliyopika kopo walilolisifia mwezi uliopita. Nilipopona nikakuta biashara imeshuka mpaka robo, na nusu ya walioondoka hawakurudi.

Kwa muda mrefu nilifikiri kosa langu lilikuwa kutumia jina langu, kwamba ningekuwa na jina la kampuni yasingenikuta. Siku hizi sifikiri hivyo. Kosa langu ni kwamba nilitumia uso wangu kuficha mikono ya mwenzangu. Nilikuwa naogopa watu wakijua anapika binti wataacha kununua, kwa hiyo nikaendelea kuandika mkono wangu mwenyewe wakati mkono haukuwa wangu. Ile imani waliyonipa mi niliikalia, sikuigawa hata kidogo, na siku niliyolala kitandani imani ikalala na mimi.

Ndo nikaanza upya. Na jambo la kwanza nililofanya halikuwa logo, lilikuwa mzani.

Kwa sababu mapishi yote yalikuwa mkononi kwangu. Chumvi konzi mbili, bizari konzi moja, pilipili kwa macho. Nikamwita binti, nikaweka mzani mdogo ule wa jikoni, nikamwambia chota konzi ya chumvi. Yake ikaja gramu arobaini na kitu. Nikachota yangu, sitini na tatu. Tukarudia, yangu inacheza kati ya sitini na sabini kutegemea mkono una mafuta au umekauka. Sasa fikirieni, mi kila siku namwambia tia konzi mbili, yeye anatia konzi mbili kweli, na kila mara naonja nasema chumvi bado, naongeza, nikadhani ndo ufundi wangu huo ambao yeye hana. Kumbe ni ukubwa wa kiganja. Tukakaa siku tatu tunapima kila kitu, mpaka muda wa jua tuliuandika, na lile daftari mpaka leo ndo mali kubwa niliyonayo kushinda hata friza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na walikuwa wanaongelea hela, lakini mi naona hata mapishi ni mali.

Hapo ndo jina la biashara likaanza kuwa na maana, kwa sababu sasa kuna kitu cha kubandikwa jina. Jina lenyewe silitaji, sijaja kujitangaza. Lakini nawaambia kwa nini sikuendelea na Mama Achari. Nilipokwenda kuulizia habari za kuliandikisha nikagundua si jina langu kabisa. Kila mwanamke anayepika achari kuanzia Pangani mpaka Horohoro anaweza kuitwa Mama Achari, na ana haki. Jina linaloeleza bidhaa tu ni gumu kulishika liwe lako peke yako. Nilikuwa najenga nyumba kwenye kiwanja cha wote.

Na hapa kuna jambo wengi mnalichanganya, tulinyooshe. Kusajili jina la biashara BRELA, ile ofisi ya serikali inayosajili biashara, ni kitu kimoja, na kusajili alama ya biashara ni kitu kingine, ni mafaili mawili ingawa ofisi ni ile ile. Jina la biashara linasema huyu fulani anafanya biashara kwa jina hili, basi. Halikutenganishi wewe na biashara, deni la biashara ni deni lako, wakija kudai wanakuja kwako na kabati lako. Ukitaka biashara iwe mtu mwingine kisheria unaandikisha kampuni. Na alama ya biashara ndo inayokupa nguvu ya kumwambia mtu usitumie jina hili kwenye bidhaa kama zangu. Ipo kwa sheria ya mwaka 1986, ukiisajili inadumu miaka 7, halafu unaihuisha kila miaka 10. Na kwa nyie mnaopeleka mizigo Pemba, Zanzibar wana usajili wao, wa bara haukulindi kule.

Sasa nani ajenge jina lake na nani ajenge jina la biashara? Mi naangalia swali moja tu, mteja akija akakuta mtu mwingine, je, anachokitaka kinapatikana au hakipatikani?

Kungwi huwezi kumtuma msaidizi. Yule bibi anayemweka binti ndani akamfunda, wanamtaka yeye, umri wake na maneno yake na siri alizonazo za koo. MC wa harusi hivyo hivyo. Mchora piko, wakili, mganga wa meno, mwalimu wa tuisheni, hawa wote wanauza kitu kilichomo ndani ya mwili wao na hakitoki. Hawa wajenge majina yao bila kusita, wakijipa jina la kampuni wanajificha bure. Ila wajue na bei yake, siku usipofanya kazi hakuna kinachoingia, kwa hiyo weka akiba zaidi ya mwenye duka, panga bei ukijua kuna miezi ya kuumwa na kuuguza.

Lakini achari, sabuni, unga wa lishe, mafuta ya nazi, viatu, hivyo vinaweza kutoka mkononi kwako vikaenda kwa mwingine. Angalieni maziwa. Hapa kwetu kuna Tanga Fresh, maziwa yanatoka kwa wafugaji wadogo wengi mno, yanakutana kiwandani, hakuna mtu anashika pakiti akauliza hii ng'ombe ya nani. Na asubuhi hiyo hiyo kuna mtu wa baiskeli anapita mlango kwa mlango na madumu, huyo akiumwa siku mbili wateja wake wanakunywa chai ya rangi, hawachukui kwa mwingine kwa sababu hawajui mwingine anatia maji au hatii. Yule wa baiskeli ameaminiwa yeye. Kiwanda kimeaminiwa pakiti. Zote ni imani na zote zimechukua muda, ila moja inaweza kukaa dukani saa nne usiku mwenyewe amelala.

Au saruji. Kiwanda kiko hapo Pongwe, wamiliki wamebadilika zaidi ya mara moja, mfuko bado una simba na fundi bado anasema niletee Simba.

Na Azam mnaijua. Mzee Said Salim Bakhresa jina lake liko kwenye kampuni, lakini kwenye unga na juisi na malori na televisheni limeandikwa Azam, na mtoto anayelilia aiskrimu hajui sura ya mzee wala haihitaji. Mohammed Dewji yeye kachukua njia nyingine, jina lake la utani la Mo kaliweka kwenye vinywaji kabisa, na anaonekana yeye mwenyewe kila mahali. Diamond alianza ni yeye na sauti yake, baadaye akaja na Wasafi, na leo kuna watangazaji wanaamka asubuhi wanafanya kazi chini ya jina Wasafi bila yeye kushika kipaza sauti. Kwa hiyo msifikiri ukianza na sura umefungwa hapo.

Ila kuna kisa kimoja cha mbali nakipenda kuwasimulia akina mama wanaotaka kubandika majina yao halisi kwenye bidhaa. Uingereza kuna mama anaitwa Jo Malone, mtengenezaji wa manukato. Alianza mwenyewe kwa mikono, jina lake ndo likawa jina la duka. Mwaka 1999 akaiuza biashara kwa Estée Lauder, kampuni kubwa ya Marekani, akaendelea kufanya nao kazi mpaka 2006 akaondoka. Mwaka 2011 akarudi kwenye manukato, na hapo jina lake mwenyewe, alilopewa na wazazi, hakuweza kulitumia dukani, lilikuwa limeshauzwa pamoja na biashara. Akaanza na jina lingine, Jo Loves. Hakudhulumiwa, alisaini mwenyewe. Lakini mi nikisoma habari ile naumia, nafikiria mtu anapita barabarani anaona jina lake juu ya mlango na hana ruhusa ya kuingia kama mwenyeji. Wewe mwenye ndoto kwamba siku moja mtu mwenye hela atakuja kununua biashara yako, fikiria mapema unamwuzia nini.

Lingine la hatari ya sura nilijifunza 2020, mwaka wa uchaguzi mkuu. Namba ya biashara na namba yangu ilikuwa moja, WhatsApp moja. Nikaweka status kama raia, maneno mawili tu ya kumsifia mgombea. Asubuhi nikakuta mteja wangu wa jumla kaniandikia, mama mi nilikuja kwako kwa achari. Hakuagiza tena. Sikuwa nimemtukana mtu, na haki ya kusema ninayo, lakini ukiwa wewe ndo duka basi kila unalosema limesemwa na duka. Misiba yako, ugomvi wako wa ndoa, hasira zako, vyote vinapita kaunta. Siku hizi nina laini mbili, ya achari haina mambo yangu na ya kwangu haina bei.

Na kitu kidogo ambacho watu hawakiangalii, lipa namba. Mteja akilipa simu inamwonyesha jina kabla hajathibitisha. Kama umempa namba yako binafsi linatoka jina lako, kama umempa ya mumeo linatoka la mumeo, na yule mteja wa Arusha aliyeona peji ina jina hili na sasa pesa inakwenda kwa jina lile anasita, anadhani katapeliwa. Nilipoteza wateja kwa kusita huko bila kujua, mpaka mmoja akaniambia. Lile jina la kwenye kopo, la kwenye peji, na linalotokea kwenye malipo yafanane. Na paswedi ya peji usimwachie kijana aliyekufungulia, bila hata kumshuku, akibadilisha simu tu imekwenda.

Supamaketi nazo zina masharti yake. Wanataka ule msimbo wa mistari, wa kwetu unaanza na 620, wanataka alama ya TBS, lile shirika la viwango, wanataka lebo yenye tarehe. Pale huwezi kuingia na sura. SIDO, lile shirika la kuhudumia viwanda vidogo, watakushika mkono kwenye haya, wako hapa hapa Tanga, nendeni mkaulize.

Kwa hiyo mi nafanya vyote viwili siku hizi, lakini kwa mpango. Uso wangu bado uko kwenye peji, ila haubebi sufuria. Naonekana nikionja, nikichagua ndimu sokoni, na kila wiki namwonyesha binti akiwa anapima, namtaja, nasema huyu ndo mpishi wetu. Mara ya kwanza kuweka video hiyo mkono ulikuwa unatetemeka, nilijua nitapoteza watu. Nilipoteza wachache. Wengine wakaanza kumsalimia yeye kwenye komenti.

Baada ya hapo yalikuja maswali, nayaandika mawili. Mpambaji bibi harusi mmoja, kijana, alisema ana wafuasi wengi kwa jina lake halisi na sasa anataka kufungua saluni yenye wafanyakazi, abadilishe jina la peji? Nikamwambia usiliguse. Jina lako wamelizoea, libaki, fungua la saluni pembeni na wewe ndo uwe unaitaja saluni kila siku mpaka izoeleke, na wale wasichana wako kila mmoja kazi yake iwekwe na jina lake. Bei yako wewe iwe juu kuliko yao, mteja achague mwenyewe.

Wa pili alikuwa mzee, fundi baiskeli, akasema ana zaidi ya miaka thelathini kwenye mti ule ule, hana jina la biashara, ana mjukuu anamfundisha lakini wateja wakija wanasema "nyoosha wewe mwenyewe babu, mtoto asiguse." Nikamwambia shikamoo babu, jina liache kwanza. Kesho akija mteja, mpe mjukuu gurudumu mbele ya macho yake, wewe kaa kwenye benchi uangalie. Akimaliza, lizungushe wewe kwa kidole, mteja aone linavyokimbia bila kuyumba, halafu mrudishie mjukuu alifunge. Na hela apokee mjukuu.

Babu akaniuliza, "Na mteja akikataa?"

Nikamwambia mwambie asubiri, wewe una kazi nyingine.